Umefuata Nini?

Kiingereza kina kitenzi kidogo, 'follow', ambacho mwanafunzi hufundishwa katika masomo ya mwanzo na mfasiri huhangaika nacho mpaka uzeeni. Kamusi ya kwanza atakayoifungua itamwambia kuwa maana yake ni kufuata, na mambo yangekuwa mepesi lau kamusi ingekomea hapo. Lakini Mwingereza hulitumia neno hilo kwa mtoto anayekwenda nyuma ya mamake, kwa askari anayetii amri, kwa mwanafunzi aliyelielewa somo, kwa njia inayopita kandokando ya mto, kwa mfalme aliyetawala baada ya mwingine, kwa mpelelezi anayemnyemelea mshukiwa, na kwa hoja: likiwa hili ni kweli, basi na lile 'linafuata'. Mtoto na mpelelezi wamewekwa chumba kimoja. Kinachowaunganisha ni kwamba kitu kimetangulia na kingine kimekuja nyuma yake. Kwamba kimekuja kwa hiari au kwa kulazimishwa, kwa mapenzi au kwa uadui, neno lenyewe halisemi.

Kiswahili kimejenga nyumba yenye vyumba vingi zaidi. Aliyeelewa somo ameelewa au amefahamu, wala hakufuata kitu. Hoja hutokana na hoja. Jahazi linaloshika njia yake karibu na nchi kavu bila ya kuigusa huambaa, na nahodha anayeambaa pwani hujua kuwa akisogea zaidi atapanda mwamba, na akienda mbali zaidi ataupoteza mnara wa msikiti aliouwekea macho. Kisha kuna kuandama, neno lenye nyuso mbili. Mwezi huandama, na watu wakafurahi. Balaa nayo humwandama mtu, na watu wakamhurumia. Katika shina hilohilo wamo mwandamani, yule rafiki asiyebanduka, na siku hizi mwandamizi, ambaye ofisini ni mkubwa wa wengine ingawa jina lake lasema kuwa anakuja nyuma.

Hata kufuata kwenyewe, neno ambalo kamusi hulitoa kwa wepesi, kuna maana ambayo Kiingereza hakina. Mwanamke aliyechukua ndoo akatoka husemwa kuwa amefuata maji. Maji hayo hayatembei mbele yake, yametulia kisimani. Amekwenda kuyatafuta kwa sababu anayahitaji. Ndiyo maana mgeni asiyetarajiwa akisimama mlangoni huulizwa: umefuata nini? Wala hakuna anayedhani kuwa alikuwa nyuma ya kitu njiani. Anaulizwa haja yake. Kwa Mswahili, afuataye ana jambo analolitaka, na anaweza kudaiwa alitaje.

Huenda msomaji akaona kuwa haya ni mambo ya wenye kamusi, ya kujipumbazia baada ya chakula cha mchana. Na yangekuwa hayo tu, lau kitenzi hicho kingebaki katika mazungumzo na hadithi. Lakini kiliwahi kuwekwa katika sheria, na mahali kilipowekwa palikuwa na watu. Mahali penyewe ni kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika nchi ya Kyela.

Kyela ni bonde tambarare lenye mvua nyingi, lililokaa baina ya milima na maji. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka nyanda za juu ikamwaga tope lake ziwani, na tope hilo ndilo lililoupa mchele wa Kyela rutuba yake na ndilo pia lililoisumbua bandari ya Itungi kwa kuujaza mchanga mlango wake. Upande wa magharibi uko Mto Songwe. Upande wa mashariki, ng'ambo ya Matema, milima husimama wima juu ya maji, na chini yake wanaishi Wakisi, ambao wanawake wao hufinyanga vyungu na kuvipeleka kwa mitumbwi hadi sokoni. Wavuvi hufuata usipa na mbasa. Watoto hufuata maji ya kunywa na kuoga. Katika ufuo huo mtu hawezi kuishi siku moja bila ya kufuata kitu ziwani.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao msomaji wa visiwani anaujua kwa upande wake mmoja. Ndio mkataba ambao kwao Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe himaya ya Uingereza, na Uingereza ikaiachia Ujerumani kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Upande wa pili hausomwi sana visiwani. Kifungu cha kwanza kinaeleza mpaka wa kusini wa eneo la Wajerumani: mstari unaanza pwani, unashika Mto Ruvuma, unakwenda magharibi hadi Ziwa Nyasa, kisha unageukia kaskazini na 'kufuata' ufuo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa hilo hadi ukingo wa kaskazini wa mlango wa Songwe, na kutoka hapo unaupanda mto.

Mtu asome tena vitenzi hivyo polepole. Mstari unaanza, unageuka, unafuata, unapanda. Umepewa miguu na pumzi kama msafiri. Waliokuwa na miguu kwelikweli katika nchi hiyo, yaani Wanyakyusa wa upande huu wa Songwe na ndugu zao Wangonde wa upande wa pili, wenye lugha zinazokaribiana mno, hawamo katika sentensi hiyo hata kwa jina. Wino umetembea mahali pao. Na kwa kuwa wino ulitembea juu ya ufuo wenyewe, nchi kavu ikawa ya dola moja na maji yakawa ya dola nyingine. Mwanamke aliyeteremka na ndoo yake asubuhi aliyofuata hakujua kuwa, kwa mujibu wa sentensi hiyo, alikuwa anachota maji ya ugenini.

Hapa ndipo swali la mfasiri linapogeuka kuwa swali la haki. Akitaka kuliweka fungu hilo kwa Kiswahili, aandike nini? Akiandika kuwa mstari unaambaa ufuo, atakuwa amedanganya, kwa sababu kiambaacho huacha nafasi ya maji baina yake na nchi kavu, na nafasi hiyo ndiyo hasa iliyokosekana. Akiandika kuwa unauandama ufuo, atakuwa ameupa mapenzi au uadui ambao mstari hauna. Akiandika kuwa unaufuata, masikio ya Mswahili yatauliza mara moja: umefuata nini? Na swali hilo halijibiki na mstari. Linawarudia waliouchora.

Mtetezi wa mkataba aweza kusema kuwa hayo ni kulionea neno. Ramani zote za dunia husema mpaka unafuata mto au unafuata mlima, hata ramani zilizoandikwa kwa Kiswahili, wala hakuna aliyedhurika. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lugha yoyote huazima miguu ya watu ikavipa vitu. Barabara hupita, ukuta husimama, saa hukimbia. Lakini azima hiyo haina madhara pale tu ambapo kitu kilichopewa miguu hakimwondoi mtu mahali pake. Songwe umeonyesha mara nyingi kuwa sivyo ilivyo Kyela.

Mto huo, unapofika kwenye tambarare karibu na ziwa, haukai mahali pamoja. Hujipinda kama nyoka, na masika yakiwa makali huvunja kingo zake na kujichimbia njia mpya. Mkulima aliyelala na shamba lake upande mmoja wa mto huamka akaliona upande wa pili. Ikiwa mstari kweli unaufuata mto, basi shamba limebadili nchi pamoja na nyumba na makaburi ya wazee, na mwenyewe hakuinua unyayo. Ikiwa mstari umebaki pale ulipokuwa mto zamani, basi haufuati tena; unakumbuka tu, na mtu aliyezaliwa baada ya mafuriko hana cha kumwonyesha mahali pa kumbukumbu hiyo ila mchanga na matete.

Wanasheria wa mataifa waliligundua tatizo hili zamani, na jawabu lao lafaa kutazamwa na wapenzi wa lugha. Mto ukisogea polepole, kwa kumega ukingo huu na kuujaza ule, mpaka husogea pamoja nao. Mto ukiruka ghafla na kujifanyia njia nyingine, mpaka hubaki katika njia ya zamani. Bila ya kusema hivyo, wamekiri kuwa kitenzi chao kimoja kina maana mbili. Kuna kufuata kwa mwandamani, ambaye hubadili hatua zake kila mwenzake anapobadili, na kuna kufuata kwa mwanafunzi anayefuatisha herufi kwa kalamu: akishamaliza, daftari likiondolewa, mkono wake hauendi tena popote.

Ufuo wa ziwa nao hautulii. Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kwa miaka mingi mfululizo. Kuanzia mwaka 1915 hadi 1935 maji yalikuwa yamepungua hata Mto Shire, ambao ndio mlango pekee wa maji hayo kutokea kusini, ukaacha kupokea maji ya ziwa. Karibu mwaka 1980 yalipanda mno na kuingia katika vijiji. Ni ufuo upi basi ambao mstari uliufuata? Wa mwaka 1890, au wa siku ile mtu anaposimama na kuuliza? Pwani tambarare kama ya Kyela, maji yakishuka kidogo tu, nchi kavu hurefuka sana. Mkulima wa mpunga anayelima tope lililoachwa wazi na maji amelima nchi ya nani?

Yapo pia yale ya hoja, yaani 'follow' ya wanamantiki. Malawi, iliyopata uhuru mwaka 1964, husema kuwa mkataba wa 1890 uliuweka mpaka kwenye ufuo. Kuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua mjini Cairo, Julai 1964, kwamba mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru iheshimiwe. Na kutokana na hayo, ziwa upande huo lote ni lake. Tanzania, tangu mwaka 1967, husema kuwa mpaka upo katikati ya maji, kama ilivyo desturi kwa maziwa mengi yanayopakana na nchi mbili, na huongeza kuwa mkataba huohuo, katika kifungu chake cha sita, uliruhusu mistari irekebishwe kwa mapatano kulingana na mahitaji ya mahali. Mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni za kutafuta mafuta ziwani, mzozo ulipamba moto, na jopo la viongozi wastaafu wa Afrika likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji likaombwa kusuluhisha. Kila upande una hoja inayotokana na hoja. Lakini kuna hoja moja ambayo haitokani na yoyote kati ya hizo: kwamba kwa sababu mstari uliandikwa ufuoni, basi mtu wa ufuoni hana haki ya maji. Hiyo haifuati, kwa maana yoyote ya kufuata.

Kile kifungu cha sita kinastahili kutazamwa zaidi kuliko kinavyotazamwa. Waliotia saini walijua kuwa hawakuiona nchi waliyoigawa. Waliacha upenyo mdogo kwa ajili ya 'mahitaji ya mahali', na mahitaji ya mahali ndiyo hasa yale ambayo Mswahili huyaulizia anapomwambia mgeni: umefuata nini? Upenyo ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ufuo na maji vikawa chini ya mtawala mmoja, Mwingereza, aliyeshika Tanganyika na Nyasaland pamoja, na asiye na jirani wa kugombana naye hakuona haja ya kupita katika upenyo huo. Swali likalala mpaka bendera zilipobadilika. Wahenga husema bendera hufuata upepo. Mkulima wa Songwe amebaki chini yake, akifuata mpunga wake.

Miaka kumi na moja kabla ya mkataba, kitenzi hiki kilikuwa kimekwisha kupotosha jambo jingine katika nchi hiyohiyo. Mwaka 1879 msafara uliotoka pwani ulifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mkuu wake wa asili, Keith Johnston, alikuwa amefia njiani, na aliyebaki ni Joseph Thomson, kijana Mskochi wa miaka 21 ambaye hakuwahi kusafiri Afrika. Aliyewaongoza wapagazi alikuwa Chuma, Myao aliyezaliwa katika nchi za kusini ya ziwa hilo, aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 na kundi la Livingstone. Ni Chuma huyu ambaye pamoja na Susi na wenzao walikausha mwili wa Livingstone mwaka 1873 na kuubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Vitabu vya Kiingereza humtaja yeye na wenzake kwa jina lililotokana na kitenzi hicho: wafuasi.

Wafuasi kwa maana gani? Maiti haitangulii njiani. Waliobeba mwili huo ndio walioamua njia, waliojadiliana na machifu, waliokataa shauri la kuuzika njiani. Miaka sita baadaye, Chuma alipokuwa akilichagulia kambi kundi la Thomson na kuamua nani abebe nini, aliyekuwa nyuma kwa kila maana ya busara alikuwa ni kijana mzungu. Kiingereza kiliweza kumwita Chuma mfuasi kwa sababu kitenzi chake hakilazimishi mtu aseme nani alijua njia. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Milima iliyosimama mashariki ya Matema imebaki na jina la Livingstone, ambaye hakuwahi kufika kaskazini ya ziwa hilo.

Baina ya Chuma na mstari wa 1890 kuna udugu. Katika jambo la kwanza, mtu mwenye nia na maarifa alinyimwa nia yake akafanywa kivuli. Katika la pili, wino usio na nia ulipewa miguu ukafanywa msafiri. Yote mawili yalitendwa na kitenzi kimoja kisichouliza, na yote mawili yaliwanufaisha walewale. Haiwi kwamba Kiingereza ni lugha ya hila na Kiswahili ni lugha ya haki. Kiswahili nacho kina maneno mengi ambayo wakubwa wamejifichia ndani yake, na wasomaji wa mashairi ya kale wanayajua. Lakini pale ambapo lugha moja hunyamaza na nyingine huuliza, mfasiri hana ruhusa ya kuchukua ukimya na kuuita uaminifu. Fungu la 1890, kwa Kiswahili, lafaa liseme kuwa mpaka umewekwa kwenye ufuo, na liseme umewekwa na nani. Kufuata kubakie kwa wenye haja.

Liko pia jambo ambalo Kiswahili hulifanya kwa silabi moja. Kitenzi cha Kiingereza huenda upande mmoja tu: huyu mbele, yule nyuma. Mswahili huongeza -na, na kufuata kukawa kufuatana, kuandama kukawa kuandamana. Wanaofuatana hawana wa mbele wala wa nyuma. Wamo safarini pamoja. Na Songwe, mto uliowatesa wakulima wa kingo zote mbili, umezifundisha serikali mbili kitu cha namna hiyo. Kwa miaka mingi Tanzania na Malawi zimeshirikiana katika mipango ya kuutuliza mto na kuzuia mafuriko, na mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni moja ya bonde la mto huo. Ni nchi zilezile zisizokubaliana kuhusu ziwa ambalo mto huo unaingia. Mtoni zimekubali kuwa maji yanahama na kuwa watu wa pande zote mbili hupatwa na hasara ileile. Ziwani bado zinauliza mstari uliandikwa wapi.

Huenda siku moja wanasheria wakakaa tena juu ya kifungu cha kwanza na cha sita, na huenda wakawa na wafasiri pembeni yao. Mfasiri hatapewa kura. Atakachoweza ni kukataa kuandika neno kabla ya kuuliza ni nani anayetenda, na ana haja gani. Wakati huo mwanamke wa Matema atakuwa ameshuka tena na ndoo yake. Yeye akiulizwa amefuata nini, jibu analo.